Siku tatu zilizowaacha watoto Nakuru

Familia hii ya Nakuru ilichukua pasipoti nne: ya baba, ya mama, ya binti wa miaka kumi na ya mvulana wa miaka mitatu. Zilitoka karibu wakati mmoja mwishoni mwa 2023, maana safari ilikuwa ya wote. Mama angepata kazi ya kuwatunza wazee Uingereza, na wengine watatu wangemfuata kama wategemezi wake. Hadi leo, tatu kati ya pasipoti hizo hazijapigwa muhuri hata mmoja.

Mpango wenyewe haukuwa ndoto ya mchana. Februari 2022 Uingereza iliwaingiza wahudumu wa wazee katika orodha ya kazi zenye uhaba wa watu, na kuanzia hapo mtu aliyepata mwajiri mwenye leseni aliweza kwenda na mume au mke na watoto walio chini ya miaka 18. Tena viza hiyo ilikuwa imesamehewa ile ada ya matibabu ambayo wahamiaji wengine hulipa kila mwaka, na ambayo Februari 2024 ilipanda hadi pauni 1,035 kwa mtu mzima. Kwa muuguzi msaidizi wa zahanati ya kibinafsi na mume seremala, hesabu ilikuwa nzuri mno kuachwa.

Wakauza ploti yao ndogo ya Njoro. Wakaongeza mkopo wa Sacco, na wakala akapokea shilingi 650,000. Kumbuka kwamba ada ambayo mwajiri aliilipa serikali wakati huo kwa kila cheti cha udhamini ilikuwa pauni 239, chini ya shilingi 50,000. Zilizobaki zilikuwa bei ya njaa ya watu. Mzazi anayeombwa pesa za aina hiyo leo ajue kwamba kazi halali haiuzwi, na tangu Desemba 31, 2024 sheria za huko zinamkataza mwajiri kumtupia mfanyakazi gharama ya cheti hicho.

Desemba 4, 2023, wakala akiwa tayari ameshalipwa, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza wakati huo, James Cleverly, aliliambia Bunge kwamba wahudumu wa wazee hawataruhusiwa tena kuja na wategemezi. Baadaye tarehe ikatangazwa: Machi 11, 2024. Aliyewasilisha ombi lake kabla ya hapo angebaki chini ya masharti ya zamani, na familia yake ingeweza kumfuata hata baadaye. Aliyechelewa angekwenda peke yake.

Wakala alisema cheti kingetoka Januari. Januari ikapita. Mama alikuwa na kila kitu kwenye faili la plastiki: majibu ya mtihani wa Kiingereza, cheti cha kupimwa kifua kikuu, cheti cha tabia njema kutoka DCI. Bila nambari ya cheti cha udhamini, hakuna ombi linalowasilishwa. Februari nzima mume alikuwa akitoka kiwandani saa sita kwenda kuketi katika ofisi ya wakala, nguo zikiwa na vumbi la mbao, akiambiwa kesho.

Cheti kilifika kwa barua pepe Alhamisi, Machi 14. Siku tatu.

Usiku huo hawakuzungumza habari za sheria. Walizungumza habari za ploti iliyokwisha kuuzwa na mkopo ambao ungeanza kukatwa mwezi uliofuata, mama aende asiende. Cheti nacho kina muda wake: usipokitumia ndani ya miezi mitatu, kinakufa. Mume ndiye aliyesema, "Nenda, mama watoto. Tutajua la kufanya." Wakala mwingine aliwapa la kufanya bila hata kuulizwa: watoto waende kwa viza ya matembezi, kisha wasirudi. Wakakataa, na walifanya vyema. Mtoto anayekaa nchi ya watu bila kibali hukua akijificha, na ombi lolote la familia baadaye huanzia kwenye doa hilo.

Mama akaondoka Mei 2024 kwenda Leicester.

Wengi wanaoagana na jamaa uwanjani JKIA hudhani kibali ni ruhusa ya kufanya kazi Uingereza. Sivyo. Ni ruhusa ya kumfanyia kazi mwajiri mmoja aliyetajwa kwenye cheti. Mwajiri wa mama huyu alikuwa na kampuni ya kuwahudumia wazee majumbani. Mkataba ulisema pauni 20,960 kwa mwaka, lakini saa za kazi hazikufika, na muda wa kuendesha gari kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine haukulipwa. Leseni ya Kenya ya kuendesha gari huruhusiwa huko kwa miezi 12 tu tangu mtu aanze kuishi, kisha sharti ufanye mtihani upya. Angelalamika kwa nani? Anayekupunguzia saa ndiye anayekushikia kibali.

Nakuru, baba alikuwa anajifunza kazi ambazo hakuna cheti chake. Kusuka nywele kulimshinda, akampeleka binti kwa jirani kila Jumapili jioni. Aliingizwa katika kundi la WhatsApp la akina mama wa Gredi ya Tano, mwanamume peke yake, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyemjibu. Binti alipovunja ungo, simu ilipigwa Leicester kwanza, kisha mama mdogo akaja kutoka Gilgil na mfuko mweusi wa plastiki, na baba akapewa kazi ya kumtembeza mvulana nje hadi mazungumzo yaishe. Mkwe wake alipendekeza watoto wahamie kijijini. Alikataa kumtoa binti shuleni, ila akakubali nyanya aje akae nao.

Saa nayo ikawa jambo la nyumbani. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili, na miezi iliyobaki kwa saa tatu. Mvulana alikuwa akilala saa mbili usiku. Mwisho wa Oktoba saa zilipobadilika, simu ya mama ikawa inafika yeye amekwisha lala, na ilichukua karibu mwezi mzima kabla ya wakubwa kutambua kwamba mtoto hakuwa amegoma kuongea. Alikuwa na usingizi tu.

Mapema 2025 kampuni ile ilinyang'anywa leseni ya udhamini. Hili halikumpata yeye pekee. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri katika sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusika. Makosa ni ya mwajiri, lakini barua huja kwa mfanyakazi: una siku 60 upate mdhamini mwingine, au uondoke. Yake ilifika mwanzoni mwa Machi.

Wiki ya pili ya zile siku 60 mvulana akalazwa na nimonia. Baba alimwambia mkewe kwamba mtoto yuko kwa shangazi na kule mtandao ni mbovu. Alishikilia uongo huo siku nne. Hoja yake ilikuwa kwamba angejua, angepanda ndege, na kwa kibali kilichobakiza wiki chache asingeruhusiwa kurudi. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa, na bado hakuwa na haki ya kumfanyia hivyo. Mama alijua mtoto alipokuwa tayari nyumbani, akiwa na alama ya sindano kwenye mkono mbele ya kamera. Hakupiga kelele. Alikata simu, na siku mbili nzima akawa anaongea na nyanya tu. Ndoa nyingi za namna hii haziui watu kwa uzinzi kama majirani wanavyopenda kusimulia. Zinaumizwa na mambo kama haya, ambapo mmoja anaamua mwenzake ajue nini.

Siku ya 41 akapata nyumba ya wazee mjini Derby. Alisaidiwa na sheria mpya, maana tangu Aprili 9, 2025 waajiri wa England walitakiwa kuonyesha kwamba wamejaribu kwanza kuwachukua wahudumu walioachwa na kampuni zilizopoteza leseni. Mshahara wa chini wa kazi hiyo nao ulikuwa umepandishwa hadi pauni 25,000 kwa mwaka. Lakini hakuruhusiwa kuanza kazi hadi kibali kipya kitoke, na kwa wiki sita hakuna kilichotumwa Nakuru. Karo ililipwa na chama cha nyanya. Kibali kilipotoka hakikuwa karatasi wala kadi, kwa kuwa kadi za plastiki zilikwisha muda Desemba 31, 2024. Kiko kwenye akaunti ya mtandaoni, na mwenye nyumba akitaka kuthibitisha anapewa nambari ya siri inayodumu siku 90. Mama aliwatumia picha ya skrini. Binti akauliza kama mtu akipoteza simu anafukuzwa nchini. Hafukuzwi, lakini swali lilikuwa la haki.

Kisha Julai 22, 2025 Uingereza ikafunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Walioko ndani wanaweza kubadili mwajiri au kuongeza muda, na nafasi hiyo imewekewa mwisho wa Julai 2028. Aliyeondoka na kibali kikafa hawezi kurudi kwa njia ile ile. Kwa hiyo mama huyu sasa yuko ndani ya nyumba ambayo mlango wake unafunguka kuelekea nje tu.

Hapo ndipo penye hesabu inayofanywa usiku Nakuru na Derby. Zamani hesabu ilikuwa rahisi: miaka mitano ya kazi, kisha ukazi wa kudumu. Mama angefika hapo Mei 2029, binti akiwa na miaka 15, angali mtoto mbele ya sheria na anaweza kuombewa aende. Mei 2025 serikali ya huko ikapendekeza miaka mitano iwe kumi. Novemba mwaka huo huo ikatoa pendekezo kwamba kazi za daraja la chini, zikiwemo za utunzaji wa wazee, zisubiri miaka 15. Kwa miaka kumi, binti atakuwa na miaka 20. Kwa miaka 15, atakuwa na 25 na mvulana 18. Haya yalitolewa kama mapendekezo, lakini mzazi hawezi kumwambia mtoto asimame asikue hadi Bunge la watu limalize mjadala.

Desemba 2025 mama alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza, wiki tatu za likizo yenye malipo. Alikuwa mwangalifu na siku, maana likizo isiyo na malipo ikizidi wiki nne kwa mwaka, kwa kawaida mwajiri hulazimika kuacha kukudhamini. Mvulana alimpokea vizuri. Alimwonyesha choo kiliko, akamwambia taulo la wageni ni lile la bluu, na siku ya tatu akamuuliza kwa adabu, "Unarudi kwenu lini?"

Nyanya alimkemea. Mama akamzuia. "Mwache, mama. Ameuliza tu."

Wakubwa walizungumza wiki hiyo kwa uwazi ambao simu haikuwahi kuwapa. Baba alitaka arudi moja kwa moja. Mkopo ulikuwa umebaki kidogo na kazi ya mbao ilikuwa imechangamka. Mama hakukataa, ila aliuliza swali ambalo baba hakuwa na jibu lake: muuguzi msaidizi wa zahanati atalipa nini binti akifika sekondari ya juu? Binti, aliyekuwa amemaliza tu Gredi ya Sita, alikuwa mezani. Hawakumfukuza. Aliposikia wanataja 2029, alisema yeye hajawahi kuulizwa kama anataka kwenda.

Walimuuliza. Akasema anataka kumaliza shule na marafiki zake, halafu ataona.

Jibu hilo liliondoa kitu mezani ambacho wazazi walikuwa wamekibeba tangu pasipoti nne zitoke. Walikubaliana mama afanye kazi hadi kibali chake kiishe 2028, kisha arudi, hata kama miaka mitano itakuwa haijatimia. Mkopo uishe kwanza, kisha pesa zigawanywe mafungu mawili: karo, na ploti nyingine ambayo atafungulia duka la dawa kwa kushirikiana na dada yake. Baba aliongeza sharti moja, na mama akalikubali kabla hajamaliza kulitamka: mtoto akiugua, simu ipigwe siku hiyo hiyo.

Januari binti aliingia Gredi ya Saba. Fomu ya shule ilikuwa na nafasi ya mzazi wa kupigiwa simu wakati wa dharura. Aliandika nambari ya baba, kisha chini yake, kwa mwandiko mdogo ili itoshe, ile inayoanza na +44.