Msivunje Hiyo Tembe

Wasee, nani ana dani anayekata tembe za sukari nusu ndio zifike mwisho wa mwezi? Soma pakiti. Ikiandikwa XR au SR, haikatwi wala haisagwi. Ndani kuna kitu kinachovimba tumboni kama jeli, metformin inatoka pole pole kwa masaa. Zingine zimeunganishwa na glimepiride, dawa mbili kwa tembe moja. Ukiikata, dozi ya siku nzima inaweza kumwagika mara moja. (Ganda likionekana chooni msishtuke, dawa ilishatoka.)

Walioiunda ni wajanja, lakini hawakumfikiria mtu wa Kondele anayeuziwa tembe saba kwa bahasha, karatasi ya maelezo ikibaki dukani. Dani akishindwa kuimeza, muulizeni daktari kuhusu metformin ya kawaida. Ipo.