Safari ya Kalama: Watoto Wanaowajengea Ndege Nyumba



Ndugu zetu wasomaji, akina mama na watoto wetu wapenzi, juma hili tunaiweka kando darsa yetu ya kawaida ili tuwasimulie safari. Si safari ya mbali sana, wala si ya mji wenye sifa. Tulikwenda Kalama, vilimani kusini ya mji wa Machakos, na tuliyoyaona huko yametufanya tujihesabu wenyewe.

Kwanza tueleze sababu. Tunaye mjukuu wa miaka kumi tunayekaa naye. Siku moja baada ya Alasiri tulimkuta barazani, manati mkononi, na mbele yake chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, ameanguka. Juu yao kilining'inia kiota ambacho ndege huyo alikuwa akikishona kwa siku kadhaa. Tulighadhibika, tukamnyang'anya manati, tukayatupa, tukamsomea aliyostahili kusomewa. Mtoto alinyamaza. Usiku bibi yake akatuuliza swali moja: "Umemwondolea manati, sawa. Umempa nini badala yake?" Hatukuwa na jibu.

Ilitokea kwamba mwanafunzi wetu wa zamani wa madrasa, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kalama, alikuwa ametualika mara nyingi. Kila akitupigia simu hutusimulia watoto wake na bustani yao. Tukaona huu ndio wakati wake. Tuliposwali Ijumaa tukafunga mzigo mdogo, na jioni tukapanda basi, sisi, bibi na mjukuu.

Basi lilitushusha kabla ya alfajiri pale Makutano ya Machakos, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa. Baridi ya Novemba ilituingia mifupani. Tukachukua matatu hadi mjini, tukawahi Alfajiri msikitini. Machakos, jina lake latokana na Masaku, mzee wa Kikamba wa zamani, na mji huu ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Misafara ya mababu zetu kutoka pwani ilipita njia hizi, na Wakamba nao waliteremka pwani na pembe zao za ndovu. Kwa hiyo hatukuwa wageni kabisa.

Kulipokucha tukashika barabara ya Wote. Tukapita Katumani, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoipa jina lake ile mbegu ya mahindi ikomaayo mapema, kisha barabara ikaingia vilimani kuelekea Kola. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Huku Ukambani ndizo mvua ambazo mkulima huzitegemea zaidi kuliko za masika. Pande zote mbili vilima vimekatwa ngazi kwa ngazi kama daraja za msikiti. Mjukuu akauliza ni nani aliyezichonga.

Jibu lake ni darsa peke yake. Katika miaka ya 1930 ardhi hii ilikuwa ikichukuliwa na maji, na maofisa wa kikoloni waliitaja kama mfano wa ardhi iliyoharibika. Dawa yao ilikuwa amri: mwaka 1938 waliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu, wakidai wamezidi malisho. Watu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu. Serikali ikamkamata na kumhamishia wapi? Kwetu pwani, kisiwani Lamu. Lakini kilichoponya vilima hivi baadaye si amri ile. Ni mikono ya wakulima wenyewe, wengi wao wanawake, waliokusanyika katika vikundi vya kazi waviitavyo mwethya, wakachimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu ili uzuie maji. Njia hiyo yaitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili leo limo katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Hapa Kola ndipo pia kilipoanzia kikundi cha Utooni, mwaka 1978, ambacho kimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga yasikauke kwa jua.

Tulipokuwa tukiyaeleza haya, bibi alitutazama bila kusema neno. Tulielewa. Wakoloni waliondoa ng'ombe, sisi tuliondoa manati.

Shule ya mwanafunzi wetu iko mgongoni mwa kilima, madarasa machache ya matofali na paa za mabati. Ilikuwa Jumamosi, lakini watoto wapatao thelathini wa chama chao cha mazingira walikuwa wamekuja. Nchi yetu ina historia ndefu ya vyama kama hivi. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968. Wageni wengi, tukisikia neno wanyamapori, fikira hukimbilia simba na ndovu. Watoto hawa hawana simba. Wana shomoro, kwera, tetere, mijusi, vyura, vipepeo na nyuki, na hao ndio waliowafanya majirani.

Msichana wa darasa la sita alipewa kazi ya kutuongoza. Alituonyesha kwanza vibuyu vikavu vilivyotobolewa tundu moja na kutundikwa chini ya upenu. Humo hulala na kutaga shomoro. Tundu ni dogo kwa makusudi, ndege mkubwa asiingie kula makinda, na chini mna vitundu vidogo zaidi ili maji ya mvua yasisimame. Pili, vifungu vya matete yaliyokatwa sawasawa, vimefungwa kwa kamba na kuegeshwa ukutani palipo na jua la asubuhi. Kuna aina za nyuki ambazo haziishi kundini, kila mmoja hutaga peke yake ndani ya mwanzi. Tatu, rundo la mawe kwenye ukingo wa mtaro, makazi ya mijusi na vyura walao wadudu wa bustani. Mbali kabisa na madarasa, juu ya mgunga, umetundikwa mzinga wa gogo wa Kikamba, na mtoto haruhusiwi kuusogelea bila mtu mzima.

Chakula hawakitupi ovyo. Wamepanda mishubiri, ambayo maua yake mekundu huwaita chozi. Wamepanda alizeti na mistari michache ya mtama ambayo haivunwi. Maji wameyaweka katika vigae vya mitungi iliyovunjika, kina chake hakizidi vidole viwili, na katikati jiwe la nyuki kutua asizame. Kila asubuhi kigae husuguliwa na maji hubadilishwa, kwa sababu maji yaliyosimama huzaa mbu.

Tuliuliza swali ambalo mkulima yeyote angeuliza: je, wazazi wamekubali? Hapa Ukambani watoto tangu zamani hutumwa shambani kuwafukuza ndege wasile mtama. Sasa mwalimu anawafundisha kuwaalika! Mwanafunzi wetu alicheka, akasema mwaka wa kwanza wazazi wawili walikuja wamekasirika, na walikuwa na haki. Hakubishana nao. Aliwaomba wakae naye saa moja tu chini ya mti wa kwera. Wakawaona kwera wakipeleka viotani viwavi, mmoja baada ya mmoja, maana kinda wa kwera hulishwa wadudu kabla hajaweza nafaka. Tangu mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wameingia Kenya na kuyatafuna mahindi, na kila mkulima pale alijua uchungu wake. Mmoja wa wazazi wale aliondoka akisema atafikiri. Wa pili bado hajakubali, naye hufukuza ndege shambani kwake kama alivyofanya baba yake, na watoto wamefundishwa kumheshimu. Jibu hilo lilitupendeza kuliko kama tungeambiwa wote wamekubali.

Kisha yule msichana, kwa adabu kabisa, akatugeukia: "Sheikh, na watoto wa madrasa yenu wamewajengea nini?"

Ndugu zetu, tutasema kweli. Mwaka juzi katika uwanja wa madrasa yetu ulikuwepo mwarobaini mkubwa. Kunguru walilala juu yake wakichafua, nasi tukaamuru ukatwe, tukatia sakafu ya saruji uwanja mzima. Kunguru walihamia mti wa jirani. Waliobaki bila kivuli ni watoto. Tulimjibu yule binti, "Bado hatujajenga kitu." Akaitikia kwa kichwa, kisha akampa mjukuu wetu kibuyu na msumari. Kwa saa nzima hatukuisikia sauti ya mtoto yule ila alipouliza tundu liwe na upana gani.

Tulikaa chini ya mti tukizungumza na watoto, Waislamu wachache na wengi wasio Waislamu, tukawasimulia yaliyopokewa kutoka kwa Mtume wetu (s.a.w.). Tuliwaeleza habari ya yule ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, akawa anapiga mbawa kwa huzuni, na Mtume akaamuru arudishiwe wanawe, kama ilivyo katika Abu Dawud. Tuliwaeleza habari ya Abu Umayr, mtoto aliyefiwa na ndege wake mdogo, na jinsi Mtume, pamoja na mzigo wote wa umma, alivyompa nafasi ya kumuuliza habari za ndege huyo. Tuliwaeleza kwamba apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Bukhari na Muslim wameipokea. Na tukamtazama mjukuu wetu tulipotaja kuwa Mtume alikataza mchezo wa kurusha vijiwe, kwa kuwa hauui windo wala adui, ila hutoboa jicho na kuvunja jino. Hadithi hiyo tulikuwa tukiijua siku ile barazani. Hatukumsomea, tulimfokea tu.

Tulirudi Mombasa Jumapili, na njiani tukajadiliana na bibi namna ya kuyafanya haya nyumbani. Hapa lazima tuonye, kwani pwani si Kalama. Sisi tunao kunguru wa Kihindi, waliofikishwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa tangu 1947. Wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Mama anayemwaga makombo ya wali uani akidhani analisha ndege, hakika analisha kunguru. Na sheria yetu haikuwaacha: kunguru ametajwa katika hadithi ya Bi. Aisha (r.a.) miongoni mwa viumbe watano waruhusiwao kuuawa hata ndani ya Haram kwa madhara yao. Lakini kuwapunguza ni kazi ya wenye ujuzi na ruhusa ya serikali. Kazi yetu sisi wa majumbani ni kuwanyima taka: kufunika jaa, kutotupa matumbo ya samaki vichochoroni, na kuokota makombo.

Badala ya makombo, toeni maua na maji. Asiye na shamba anaweza kuweka mshubiri ndani ya kopo kwenye roshani, mrehani dirishani ambao nyuki huupenda, na kigae cha maji kwenye kivuli, kisuguliwe kila asubuhi. Mtoto mmoja apewe kigae kuwa amana yake, ahesabiwe siku, na akikisahau akumbushwe kwa upole. Kibuyu kiwekwe juu, paka asikifikie. Na msikiondoe kiota cha chozi barazani kwa sababu ya uchafu kidogo. Subirini makinda yaruke, kisha fagieni.

Wala tusidhani viumbe wadogo hawana kazi kubwa. Kule Bamburi, machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na walioyageuza majani makavu ya mivinje kuwa udongo walikuwa jongoo.

Juma lililopita kamati ya madrasa ilikubali tuing'oe saruji kwenye kona moja ya uwanja, hatua sita kwa sita. Mafundi walitushangaa kulipia kubomoa tulichokilipia kukijenga, na gharama hiyo tumeibeba wenyewe, kwani kosa lilikuwa letu. Tumepanda mwarobaini mchanga. Watoto wa kike wameomba zamu ya asubuhi ya kuunywesha, wa kiume jioni. Kibuyu cha Kalama kimetundikwa upenuni kwetu, na hadi tunapoandika haya hakijapata mpangaji. Mjukuu hukichungulia kila atokapo shule. Jana alituuliza kama yule chozi aliyekufa alikuwa na makinda. Tulimwambia hatujui, bali tumwombe Mwenyezi Mungu msamaha, sisi na yeye pamoja.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye huruma kwa walio ardhini, na utulelee watoto wetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.