Ndoo Yangu na Pango la Kolelo

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 maji yalikuwa haba Dar es Salaam. Mvua zilichelewa na Mto Ruvu ukapungua sana. Hapa Temeke nilipanga ndoo yangu bombani tangu alfajiri.

Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja, Mzaramo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, zamani wazee wangekwenda Kolelo."

Nilicheka. Lakini sikiliza habari yenyewe. Kolelo ni pango katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Waluguru na Wazaramo walikwenda huko kuomba mvua. Walisema mwenye pango ni nyoka mkubwa. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, habari zilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi.

Mimi milima hiyo nimeiona kwa mbali, nikiwa Morogoro mjini. Ni mizuri mno! Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, na ukungu hulala juu ya msitu. Humo wamo ndege wasiopatikana penginepo duniani.

Msitu huo hushika mvua na ukungu, ukatoa maji polepole. Ndiko unakoanza Mto Ruvu, nao ndio unaojaza mabomba mengi ya mji wetu. Watu waliufyeka pembeni wapate mashamba. Mwaka 2008 serikali iliufanya hifadhi.

Basi bibi alikuwa akijua maji yanakotoka. Mimi nilijua bomba tu.

Saa tatu bomba likaanza kudondosha. Nikamwambia, "Bibi, lete ndoo nikukingie."