Nguvu za Chupa

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea watu waliotoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Wahabeshi, na aghalabu wanapotaka kusikilizana sokoni, kisimani au zahanatini, Kiswahili ndicho huwaunganisha. Mwalimu wa lugha hapati mahali pazuri kuliko hapo pa kujifunza jinsi kitu kimoja kinavyoitwa kwa majina mengi. Chukua ile chupa ya maji inayoning'inizwa msumarini na kuunganishwa na mshipa wa mgonjwa kwa mpira mwembamba. Mkongo huiita serumu, kwa kuwa neno hilo alilipokea kutoka Kifaransa; Mganda huiita dripu, kwa kuwa lake lilitoka Kiingereza; vitabuni tungeweza kuandika maji ya mshipa. Lakini imani inayofuatana na chupa hiyo haihitaji mkalimani. Wote husema kwamba inaleta nguvu.

Nataka kueleza, ndugu msomaji, jinsi neno hilo nguvu lilivyonitia makosani, na jinsi gharama ya kosa langu ilivyolipwa na mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka 2023, mwaka ambao Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wao, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaachwa nje ya mgao. Jirani yangu, mama mjane mwenye watoto wanne, alianza kuchoka. Alikuwa mkulima hodari. Sasa akilima mistari miwili huketi. Akitoka kisimani alisimama mara tatu katika mwinuko mdogo, mkono kifuani. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, mimi sina tena nguvu. Wanasema Mbarara kuna serumu ya vitamini, mtu akitundikiwa anarudi kama kijana. Unisindikize, maana lugha ya kule inanishinda." Nikakubali, nami nikajiona nimetenda wema.

Duka la dawa tulilokwenda sitalitaja. Mwuzaji, kijana aliyevaa koti jeupe, hakumpima damu, wala hakumwuliza lolote juu ya chakula chake, usingizi wake au hedhi yake. Alisema kwa Kiingereza kwamba maji yale yangemwinua. Neno alilolitumia halikuwa na maana ya kuponya. Maana yake ni kusukuma kwa nyuma, kama watu wanavyosukuma gari lililozimika njiani. Mama akanigeukia, akangoja tafsiri. Nami nikamwambia, "Anasema itakutibu."

Nililichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa karibu na ulimi, na kwa sababu niliona tumaini usoni pake nikaona vibaya kulipunguza. Mimi niliyefundishwa chuoni tofauti ya maana na maana, na ambaye humkata mwanafunzi alama kwa kosa dogo kuliko hilo, niliuza dawa ya mtu mwingine kwa neno moja.

Alitundikiwa chupa tatu katika majuma matatu. Ya kwanza ililipwa kwa mbuzi. Mbili zilizofuata zililipwa kwa maharagwe aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu. Baada ya kila chupa alijisikia mwepesi kwa siku moja au mbili, na mkojo wake ukawa wa manjano iliyokolea, naye akasema kwamba hiyo ni alama ya dawa kufanya kazi. Baada ya chupa ya tatu mkono ulivimba pale sindano ilipoingia, ukawa mwekundu na wa moto. Hapo ndipo tulipokwenda kituo cha afya cha humo humo makazini, ambako matibabu hayalipiwi. Mwuguzi alimtoboa kidole, akapima damu, akatuonyesha kipimo: damu ilikuwa imepungua mno. Akampa dawa ya mkono, dawa ya minyoo, na vidonge vya madini ya chuma vya kumeza kwa miezi kadhaa. Msimu uliofuata alilima shamba lake lote.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza na kusoma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kupanda teksi ya kwenda Mbarara. Nilitazama maandishi ya chupa. Nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko sita vya chai. Chupa ndogo ya soda ina zaidi ya hizo. Ikiwa ni maji ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, basi nusu lita ina gramu nne na nusu za chumvi, wala haina chakula chochote. Vitamini zinazochanganywa humo aghalabu ni za jamii ya B pamoja na vitamini C, ambazo huyeyuka katika maji. Mwili huchukua kiasi unachohitaji, na kilichozidi figo hukitupa nje. Manjano ile aliyoifurahia jirani yangu yaelekea ilikuwa vitamini B2 ikipita. Ilikuwa sehemu ya mbuzi wake ikitoka.

Tusidhani kwamba huu ni ujinga wa wakimbizi na wakulima. Katika mji wa Baltimore, Marekani, daktari aliyeitwa John Myers, aliyefariki mwaka 1984, aliwadunga wagonjwa wake kwa miaka mingi mchanganyiko wa vitamini na madini, na mchanganyiko huo ungali unauzwa kwa jina lake. Leo matajiri wa London, New York na Dubai huketi katika viti laini wakitundikiwa chupa ili waondoe uchovu, na biashara hiyo imekwisha kufika katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 2018 tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi iliichukulia hatua kampuni moja ya Texas iliyotangaza, pasipo ushahidi, kwamba maji kama hayo hutibu saratani na kisukari. Tofauti ni kwamba tajiri akidanganywa hupoteza fedha za anasa, na mjane wa Nakivale hupoteza mbegu.

Imani yetu katika sindano nayo ina asili yake. Katika miaka ya 1950 penisilini ilipoletwa kutibu buba, mtu alidungwa mara moja, na vidonda vilivyomtesa kwa muda mrefu vikakauka. Aliyeona hayo kwa macho yake hakuweza tena kukiheshimu kidonge, na watoto wake wamerithi heshima hiyo kwa sindano. Kisha kwa miaka mingi mgonjwa wa malaria kali alitundikiwa kwinini katika maji, akaamka, nasi tukaipa chupa sifa zote.

Lakini chupa ina mahali pake, na mtu asisome makala haya akaikataa siku anapoihitaji. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka hata hawezi kunywa, mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtu anayefanyiwa upasuaji, huyo mshipa ndio njia yake. Ni njia ya mtu ambaye mdomo wake umefungwa. Mwenye uwezo wa kumeza anayo njia bora, isiyomtoboa wala kumwingizia vijidudu.

Hayo yalithibitishwa na wakimbizi wenzetu. Mwaka 1971, katika kambi ya Bongaon, Bengali Magharibi, watu waliokimbia vita vya Bangladesh walishikwa na kipindupindu, na chupa za maji ya mshipa zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji, akawaagiza jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Pakiti tunazopewa leo watoto wetu wakiharisha zinatokana na njia hiyo.

Na hapa kwetu, mwaka 2011, yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vema. Waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa: katika muda wa saa 48, takriban 10 katika kila 100, dhidi ya 7. Waganga wenyewe walishangaa. Ikiwa maji matupu, mikononi mwa mabingwa, yaweza kudhuru, tuseme nini juu ya chupa inayotundikwa nyuma ya pazia la duka? Mwenye moyo au figo dhaifu aweza kulemewa na maji hayo. Vitamini C nyingi mno ikiingia mshipani huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani, upungufu ambao hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria kama zetu.

Basi je, vitamini hazina kazi? Zinayo, na jikoni ndipo pake. Maharagwe na sombe vina madini ya chuma, na pera au limau likiliwa pamoja navyo husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Haya yote sokoni Nakivale hayafikii bei ya chupa moja. Lakini uchovu usioisha si wa kuachiwa jiko peke yake. Huenda ni damu, huenda ni sukari, kifua kikuu, mimba, majonzi au njaa, na kila kimoja kina dawa yake. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na chupa ya nguvu ni pazia zuri sana la kuyafichia.

Mama yule alipopona alikuja nyumbani kwangu jioni moja. Tuliongea juu ya mvua na watoto, kisha akaniuliza, "Mwalimu, siku ile Mbarara, yule kijana alisema nini hasa?" Nikamweleza neno lake na maana yake, bila kupunguza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kama ungeniambia hivyo, nisingemwuza mbuzi."

Sikuwa na jibu, wala leo sina. Ila katika darasa langu sasa kuna somo lisiloandikwa katika muhtasari. Wanafunzi, ambao wengi wao huwafasiria wazazi wao kwa waganga na wauza dawa, hujifunza kutenga maana ya kutibu, kutuliza na kutia nguvu, na hujifunza swali moja la kumwuliza kila anayeuza nguvu, kabla ya kuuliza bei: "Umeona ni nini kilichomwondolea nguvu mama yangu?"