Mluzi una wenyewe

Mluzi ni katika vitu alivyojaaliwa mwanadamu bila ya gharama. Hautaki fundi wala chombo. Ni midomo na pumzi tu. Bibi yangu, Allah amrehemu, hakuupenda. Jua likishazama, mjukuu aliyethubutu kupiga mluzi uani aliambiwa kwamba anaita nyoka. Lakini asubuhi, muuza maziwa akiwa amekwishaupita mlango wetu, bibi huyo huyo ndiye aliyemhimiza mjomba ampigie mluzi arudi. Tangu utotoni, basi, nilifahamu kwamba mluzi una zaidi ya sura moja.

Mchungaji huwapigia mluzi ng'ombe wakiwa majini, wanywe kwa utulivu. Mwamuzi hupuliza kipenga, na wachezaji 22 wakasimama. Jaketi la kuokolea maisha baharini hufungwa filimbi ndogo, kwa kuwa sauti ya anayeomba msaada hukauka upesi, ilhali filimbi hutaka pumzi kidogo tu. Sauti ya mluzi ni nyembamba na ya juu, na sikio la mwanadamu huinasa vizuri. Ndiyo maana hufika mbali ambako maneno ya kawaida hayafiki.

Wapo waliotumia sifa hiyo wakajenga lugha kamili. Kaskazini mwa Uturuki, katika milima ya mkoa wa Giresun iliyo jirani na Bahari Nyeusi, kipo kijiji kiitwacho Kuşköy, maana yake kijiji cha ndege. Wenyeji wake, Waislamu kama sisi, huzungumza Kituruki kwa mluzi kutoka mlima hadi mlima. Jirani humwita jirani yake aliye ng'ambo ya bonde, wakaulizana habari na kuombana msaada wa shamba. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza lugha hiyo katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwani simu za mkononi zimeanza kuinyamazisha.

Hapa kwetu Tanzania, pembezoni mwa Ziwa Eyasi, Wahadzabe humpigia mluzi ndege mdogo anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki. Ndege huonyesha mti. Mtu hupasua akala asali. Ndege naye huambulia mabaki ya nta. Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha mwaka 2023 matokeo ya majaribio yao: ndege wa huko waliuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara 3 kuliko walivyouitikia mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Kule Msumbiji nako, ndege waliusikiliza zaidi mwito wa Wayao wao. Kila mluzi una wenyewe. Hupigwa na anayejulikana, huitikiwa na anayejua maana yake, na pande zote mbili hufaidika.

Nimeyataja haya kwa sababu ya jambo lililoingia nyumbani kwetu. Binti yangu ana umri wa miaka 13. Huenda madrasa baada ya swala ya alasiri, na njia fupi ni mwendo wa dakika 10. Mwezi wa Rajabu nikaona anachelewa kurudi. Nilipomuuliza, aliinamisha kichwa, kisha akasema:

"Ile njia ina vijana pale kijiweni, Mama. Wananipigia mluzi. Nikigeuka, wanacheka. Nisipogeuka, wanasema ninaringa." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani mimi ni mbuzi, Mama?"

Kesho yake, baada ya magharibi, mimi na baba yake tulikwenda. Vijana walitupokea kwa adabu: shikamoo mzee, shikamoo mama. Tulipoeleza kilichotuleta, mmoja akatabasamu na kusema, "Ni utani tu, mama yangu."

Mume wangu akamjibu kwa upole, "Mwanangu, utani una watani. Yule mtoto ni mtani wako tangu lini?"

Hakuwa na jibu. Mmoja wao alituomba radhi. Wengine walitazama simu zao. Tangu siku hiyo mluzi umepungua, lakini haukukoma. Binti yangu mpaka leo anazunguka njia ya sokoni, na dakika zake 10 zimekuwa 25.

Qur'ani Tukufu, katika Surat Al-Anfal aya ya 35, inawalaumu washirikina ambao swala yao penye Nyumba ya Allah haikuwa ila kupiga miluzi na makofi. Wapo wanazuoni waliouchukia mluzi kwa ajili ya aya hiyo, na wapo walioona kwamba kilicholaumiwa ni kuufanya ibada. Mimi si mwenye kutoa fatwa. Ila mluzi wa kijiweni hauhitaji mjadala mrefu, kwa kuwa una mtu unaomuudhi. Mpigaji hupata kicheko, na aliyepigiwa hupoteza njia.

Katika mambo haya mazoea yetu ni kumgeukia binti kwanza: amevaa nini, amepita wapi, kwa nini aligeuka. Binti yangu alikuwa amejisitiri, na juzuu yake mkononi. Surat An-Nur, aya ya 30, inaanza kwa kuwaamrisha wanaume waumini wainamishe macho yao, na ndipo aya ya 31 ikawageukia wanawake. Mpangilio huo una funzo kwa sisi tulio na watoto wa kiume.

Mdogo wake ana miaka 9, na mwezi uliopita amejua kupiga mluzi kupitia pengo la jino. Nyumba nzima haina raha. Baba yake hakumkataza. Alimketisha, akamwambia, "Mpigie rafiki yako mkacheze mpira, naye akuitikie. Mtoto wa watu asiyekujua, usimpigie. Mwenye haja naye humsalimia, akamwita kwa jina."

Wazazi wenzangu, swala ya alasiri ikishasaliwa, vijana wetu hukaa wapi? Tuwaulize leo hii kwenye chakula cha usiku, na wakitaja kijiwe, tuwaulize pia ni watoto wa nani hupita mbele yake.