Kufundisha Habari za Kuhama kwa Watoto wa Waliohama

Mada ya watu kuhama mkoa mmoja kwenda mwingine kutafuta kazi huonekana nyepesi katika andalio la somo. Mwalimu mwanafunzi huorodhesha sababu tano ubaoni, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Sisi tunaowakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha tumeliona andalio la namna hiyo mara nyingi. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini halitoshi, hasa katika mji kama Kigoma.

Katika shule moja ya msingi huko Rusimbi tulihudhuria somo la darasa la tano. Mwalimu aliuliza ni nani mwenye ndugu aliyekwenda mkoa mwingine kufanya kazi. Karibu mikono yote ilinyanyuka. Mwalimu akashukuru, akaagiza mikono ishushwe, akaendelea kuandika sababu ya tatu. Baadaye mvulana mmoja aliuliza: "Mwalimu, baba akienda kulima tumbaku Urambo na asirudi, amehama au amepotea?" Hakuna aliyecheka. Mwalimu alijibu kwamba swali hilo halimo katika mada.

Kwa maoni yetu, swali hilo ndilo lililokuwa mada yenyewe. Lugha yetu inayo maneno ya kulijibia. Mwenye kusafiri huenda akitazamia kurudi. Mwenye kuhama huondoka na vyombo vyake. Mwenye kulowea huenda kama msafiri, kisha ugeni ukageuka ukaazi. Mwalimu na ayaandike maneno hayo matatu ubaoni, na wanafunzi wayatolee mifano. Hapo watatambua kwamba jambo moja liitwalo "kuhama" lina sura nyingi, na kwamba aliyelowea si lazima awe amewatupa watu wake, ingawa waliobaki hubeba mzigo wake.

Hatua ya pili ni historia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na urefu wake hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha, na sehemu hizi hazikuwa na mazao mengi ya kuuza. Hivyo wanaume wengi wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kuajiri vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU. Walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa nambari. Wako waliorudi na baiskeli na nguo. Wako waliolowea, na wajukuu wao ni watu wa Tanga leo.

Hapa hesabu huingia pasipo kulazimishwa. Kibarua alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza ngwe yake haikuhesabiwa. Wanafunzi wakokotoe: aliyeugua siku nane na kushindwa ngwe siku nne atakijaza kipande baada ya siku ngapi? Jibu litawafundisha kuuliza jambo ambalo kila mwenye kutafuta kazi ugenini apaswa kuliuliza: nitalipwa nini, lini, na kwa sharti gani?

Swali hilo lina uzito. Wako wavulana wa darasa la sita na la saba wanaoyawaza mashamba ya watu kabla ya kumaliza shule. Mwalimu anayesema "Kigoma hakuna kitu" huwafungulia mlango. Mwalimu anayewabeza waliokwenda humtukana baba wa mtoto aliye mbele yake. Njia ya kati ni mjadala. Kundi moja litetee methali "Mwacha asili ni mtumwa", na jingine "Kutembea kwingi ni kuona mengi". Mwalimu asiamue mshindi, bali adai kila hoja iambatane na mfano. Akumbushe pia kwamba Ujiji yenyewe ilikuzwa na watu waliokuja, wakiwamo Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo.

Tahadhari moja yatupasa kuitaja. Mtoto asishurutishwe kutoa habari za nyumbani kwao mbele ya wenzake. Anayetaka kusema aseme. Asiyetaka aachiwe aandike habari za manamba. Aliyeuliza kama yule mvulana ajibiwe kwa upole hapo hapo, kisha mwalimu azungumze naye faragha na kujua kama nyumbani yuko anayemlea.

Ninyi nanyi, ndugu wanachuo, wengi mtapangiwa kazi katika mikoa msiyozaliwa. Mtakapofika, mtakuwa miongoni mwa watu ambao somo hili linawahusu. Basi lifundisheni kama watu wanaojua kwamba nyuma ya kila sababu iliyoandikwa ubaoni kuna aliyeondoka, na kuna anayengoja.