Mafuta yangu ya sambusa yalivyotaka kuvunja posa ya watu

Mwenzenu nina kesi. Si ya mahakamani, maana ingekuwa ya mahakamani ningeshalipa faini nikasahau. Hii ni kesi ya uani, na hakimu wake ni mama mwenye nyumba wangu, huku Isevya, Tabora.

Mimi ni mtoto wa Dar, nimeletwa huku na kazi. Mshahara wenyewe mnaujua, tarehe kumi na tano haijafika ushakata roho. Basi nikajiongeza. Kila Jumapili jioni nakaanga sambusa na maandazi, Jumatatu asubuhi nauza ofisini. Mambo yakawa safi, wateja wakanizoea, hata bosi akawa ananikopa.

Tatizo likawa ule mwisho wa kukaanga. Mafuta yakishakuwa meusi kama chai ya rangi, na unga ulioungua umetulia chini ya karai, utayapeleka wapi? Mimi nilikuwa nayamimina kwenye sinki. Nafungulia maji, nanyunyiza sabuni ya unga, povu linapanda, kwisha habari! Ndivyo tulivyofanya nyumbani Dar na hakuna aliyekufa. Kwa hesabu ya haraka haraka, robo tatu ya lita kila wiki, kwa miezi mitano, ni kama lita 15. Ndoo moja na nusu ya lita kumi, yote nimeinywesha bomba.

Na bomba lenyewe si langu peke yangu. Nyumba ina vyumba sita, wapangaji wanne, sinki moja, chemba moja.

Ilipoingia Julai, sinki likaanza kununa. Unamwaga maji, yanasimama kwanza kama yanafikiria, halafu yanashuka yakiguna. Mama mwenye nyumba akaamua mkosaji ni binti anayemsaidia kazi za ndani, msichana mpole kutoka Urambo. Ati anaoshea sufuria za ugali humo, ukoko ndio umeziba. Binti akasema, "Hapana mama, ukoko naupelekea kuku." Nani amsikilize? Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nachana nywele. Nikaendelea kuchana nywele.

Sasa sikieni balaa. Jumamosi moja wakaja washenga wa binti wa mwenye nyumba. Wametoka Kigoma kwa treni, wazee watatu na mama mmoja mtu mzima, na zawadi yao ya kwanza ilikuwa dumu la mawese mekundu mazuri. Wakatandikiwa mkeka chini ya mwembe pale uani. Jikoni kulikuwa hakulali tangu alfajiri: pilau, kuku, mpaka vyombo vya jirani vimeazimwa. Vyote hivyo vinaoshwa wapi? Kwenye sinki letu.

Saa saba mchana, wakati mshenga mkuu ndiyo kwanza anasafisha koo aanze maneno yake, mfuniko wa chemba ukainuka wenyewe. Naapa! Ukainuka kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Maji ya kijivu yakatoka, yakafuata mteremko wa uani, na mteremko wa uani ule unaelekea kwenye mwembe. Wazee wa watu wakanyanyuka na kanzu zao mkononi. Harufu, naomba nisiieleze, labda unasoma huku unakula.

Mama mwenye nyumba aliona aibu hadi macho yakabadilika rangi. Akamgeukia yule binti mbele ya kadamnasi: "Nilikwambia! Jumatatu unarudi kwenu!" Binti akalia. Na mimi, msomaji wangu, nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, nimeshika sinia la vikombe. Nikajifanya navihesabu.

Fundi bomba akaitwa kwa simu, akaja na waya wake mrefu. Alipoulamba chemba kwa ule waya, yakaanza kutoka mapande meupe, magumu, kama mishumaa iliyovunjika. Akachukua moja akalivunja kwa vidole. "Hili si ukoko," akasema. "Haya ni mafuta. Nani anakaanga humu ndani?"

Kimya. Yule mama wa Kigoma akainama, akanusa kwa mbali, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Yana bizari."

Nikamtazama binti. Alikuwa keshaacha kulia, ananitazama. Ndipo nikaelewa: alikuwa anajua siku zote. Kila Jumatatu, mimi nikiwa ofisini nahesabu hela za sambusa, yeye ndiye aliyekuwa anakwangua ule utando wa mafuta kwenye sinki. Wala hakunitaja. Hata pale, kibarua kinaota nyasi, hakunitaja.

"Mama, ni mimi," nikasema. Sauti yenyewe ilitoka kama ya mtu aliyekabwa.

Nilitegemea matusi. Mama mwenye nyumba akaniangalia kama mtu anayeona mzimu. "Mwanangu, umemwaga mafuta? Mafuta ya kununua?"

Mshenga mkuu, Mungu ampe umri, ndiye aliyeokoa siku. Akacheka. Akasema kwao Ujiji mtoto akimwaga mawese alikuwa anafukuzwa kwa ufito mpaka ziwani, na kwamba zamani, kabla ya reli, mafuta yalikuwa yanakuja Tabora juu ya mabega ya watu. Si hadithi tu ya mzee. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857 akifuata njia ya misafara, wakati wageni wanapaita Kazeh, alifika Ujiji 1858 na akaandika habari za mawese ya kule. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo, kilomita 400 hivi ni miguu ya mpagazi. Mimi hata ndoo ya maji kutoka bombani inanishinda.

Fundi naye, akiwa kapinda mgongo pale chembani, akanipa darasa la bure (kazi yenyewe hakuifanya bure). Mafuta mengi tunayopimiwa dukani yanatokana na mawese yaliyosafishwa. Kwenye joto la Dar yanatiririka kama maji. Tabora usiku wa Julai baridi inashuka hadi nyuzi 15 hivi, na bomba liko ardhini. Mafuta yakifika humo yanaganda. Ya wiki hii yanashika ukuta wa bomba, ya wiki ijayo yanashika yale ya wiki hii, tundu linakuwa jembamba kama mrija wa soda. Maji ya moto na sabuni niliyokuwa najidai nayo yanayasukuma mbele tu, yakaganda mahali ambapo mkono haufiki. Yakipona yakaingia kwenye shimo la majitaka, yanaelea juu, na yakipitiliza hadi shimo la kunyonya yanaziba udongo, shimo halinywi tena. Hapo unachimba jipya.

Nilipokuja kusoma zaidi, nikajifariji kwamba sina peke yangu. Mwaka 2017 huko London, mtaa wa Whitechapel, walikuta donge la mafuta na takataka limejaza bomba la majitaka: mita 250, tani 130! Mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa makumbusho watu wakawa wanakwenda kukitazama. Wazungu nao. Sisi makumbusho yetu Kwihara tumeweka habari za Livingstone.

Gharama za fundi na gari la kunyonya majitaka zilikula sambusa za miezi miwili. Sikulalamika. Lililonikaa moyoni ni yule binti. Nilimwomba msamaha usiku ule ule, jikoni, tukiwa wawili. Akasema, "Yameisha, dada." Lakini yeye alifokewa uani mbele ya wageni, mimi nikaomba radhi jikoni mbele ya masufuria. Mnaona wenyewe kuwa hesabu haikai sawa.

Siku hizi karai langu lina utaratibu. Mafuta nayaacha yapoe, nayachuja kwa kitambaa, nayatumia tena mara moja au mbili. Yakianza kutoa povu, moshi na harufu kali, basi, hayo yamezeeka. Kuna kaka mmoja wa mihogo kijiweni alitaka kuyanunua hivyo hivyo yalivyo meusi. Nikamwambia wateja wako ni rafiki zangu, kwa heri. Karai nalifuta kwa gazeti kabla maji hayajaligusa, na ndiyo, ni gazeti hili hili, nikishamaliza kujisoma. Yakiwa kidogo nayachanganya na majivu ya jikoni mpaka yawe kama tope kavu, nafunga, natupa na taka. Kumwaga uani nilijaribu mara moja, siafu wakanitembelea na panya wakafuata.

Yanayobaki mengi yanaingia kwenye dumu, yanangoja sabuni. Mwalimu wangu ni nani? Yule yule binti wa Urambo, alijifunza kwa mama yake. Tunapikia nje, tumevaa glavu, watoto wako mbali. Magadi makali ya sabuni ndiyo yanatiwa kwenye maji, usije ukageuza ukatia maji juu ya magadi, yanaruka yakuunguze uso. Chombo kisiwe cha alumini, magadi yanakila. Kipimo kinafuata uzito wa mafuta, kwa mizani, si kwa kukisia. Vipande vinakaa wiki nne ndipo vinagusa maji. Sabuni yetu si ya kuoga mrembo, ina kaharufu ka maandazi, lakini kwa sufuria na madeki haina mpinzani. Hela ya mauzo tunagawana nusu kwa nusu.

Na posa? Ilikubaliwa! Washenga walisema nyumba inayofurika siku ya kwanza ina baraka, sijui waliitoa wapi hiyo. Mimi nimepangiwa kukaanga sambusa 500 za harusi. Nilikubali mbele ya kikao, uani, chini ya mwembe, na nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba ile siku binti wa watu alifokewa kwa kosa langu. Yeye akainamisha kichwa, akacheka kidogo. Kisha akanyanyuka, akaenda stoo, akarudi na madumu mawili matupu, akayaweka miguuni kwangu.

"Haya ya kuanzia, dada," akasema.